Maswali Mnayoniuliza Kuhusu Riwaya za Mbwa

Kabati langu la vitabu lina rafu moja ambayo watoto wa mtaani wameipa jina: rafu ya mbwa. Watu huja kuazima, na wakirudisha kitabu hukaa kidogo barazani wakauliza. Kwa miaka mingi maswali yamekuwa yaleyale, nami nimeona niyaandikie majibu mara moja, kwa wale ambao hawawezi kufika barazani.

Mbwa si wa kulinda tu? Kuna nini cha kuandikia riwaya nzima?

Mjomba wangu alilima mahindi chini ya milima ya Usambara, upande wa Muheza. Msimu wa mahindi kukomaa alilala dunguni kwa sababu ya nguruwe pori, na mbwa wake alilala chini ya ngazi. Mbwa huyo aliitwa Mtasema, jina lililowalenga majirani zaidi ya lilivyomlenga yeye. (Karibu kila mtaa una Mtasema wake, au Wivu, au Sijali.) Mjomba alikuwa mtu wa swala tano, hakumgusa mbwa kwa mkono. Alikuwa na kifuu cha nazi alichokitia kipini kirefu cha mti. Jioni alikijaza ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, akakisogeza, kisha akachutama pembeni akingoja. Sikuwahi kumwona akiondoka kabla mbwa hajamaliza kulamba.

Mtasema aliumwa na kifutu. Mjomba alimchimbia shimo mwenyewe, kwa jembe lake la kulimia. Jioni ile tulimwona anatoka jikoni na kifuu kimejaa, akatembea nacho hadi kwenye ngazi ya dungu, na hapo ndipo alipokumbuka.

Hakuna mtu aliyewahi kumsikia mjomba akisema kwamba anampenda mbwa. Ndiyo maana nazipenda riwaya hizi. Mbwa hana maneno, na mara nyingi mtu anayempenda hana maneno pia, kwa hiyo mwandishi hana njia ya mkato. Hawezi kumpa mhusika barua ya mapenzi akamaliza kazi. Lazima akuonyeshe kifuu. Mimi nikifungua riwaya yoyote ya mbwa, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kifuu chake kiko wapi.

Nianze na kitabu gani?

Kama Kiingereza chako ni cha kujikongoja, anza na *Because of Winn-Dixie* cha Kate DiCamillo, kilichotoka mwaka 2000. Ni kifupi, sentensi zake nyepesi. Msichana wa miaka kumi, Opal, amehamia mji mdogo wa Florida na baba yake mchungaji wa kanisa. Mama aliondoka zamani. Anaingia dukani kununua chakula, anakuta mbwa koko anavuruga nyanya na vitunguu, meneja analia, na msichana anajikuta anasema mbwa ni wake. Jina analompa ni jina la duka lenyewe. Tangu hapo, kila mtu mpweke wa mji ule anafikiwa kupitia mbwa huyo.

Kama unasoma bila shida, nenda moja kwa moja kwenye *Where the Red Fern Grows* cha Wilson Rawls, cha mwaka 1961. Hiki nitakizungumzia kidogo zaidi, kwa kuwa ndicho kilichochakaa kuliko vyote kwenye rafu yangu.

Billy ni mtoto wa wakulima masikini katika milima ya Ozark, jimbo la Oklahoma. Anataka mbwa wawili wa kuwindia rakuni, mnyama mdogo wa porini wa Marekani. Bei ni dola 50, na nyumbani hakuna hata dola moja ya kuchezea. Anachukua kopo tupu la hamira, analificha, na kwa miaka miwili anadundulizia humo: senti za kuuza matunda ya porini, samaki, mboga, ngozi za wanyama. Zinapotimia, bei imeshuka kwa dola 5 kila mbwa. Usiku mmoja, bila kumuaga mtu, anashika njia kwa miguu, peku, hadi mji wa Tahlequah kuwachukua. Na zile dola 10 zilizobaki? Anamnunulia baba ovaroli, mama kitambaa, dada zake peremende. Yuko mjini kwa mara ya kwanza, watu wanamcheka kwa nguo zake na miguu yake, na mfukoni ana hela ambayo angeweza kuitumia apendavyo.

Ukurasa ule wa duka ndio kifuu cha kitabu kizima. Mwandishi hajasema popote kwamba Billy ni mtoto mwema.

Mbwa anakufa? Niambie mapema, sitaki kulia kwenye daladala.

Ndilo swali linaloongoza, na wanaoliuliza huwa wananong'ona. Mimi huwajibu. Wapo wanaoona kwamba kusema mwisho ni kuharibu utamu, lakini mtu aliyeuliza ana sababu yake.

Mbwa wanaofika ukurasa wa mwisho wakiwa hai: Winn-Dixie. Lassie. Shiloh, wa riwaya yenye jina hilo ya Phyllis Reynolds Naylor. White Fang wa Jack London, pamoja na mapigano yote anayopitia. Buck, wa *The Call of the Wild*, naye anabaki hai, ila bwana wake anauawa, kwa hiyo weka leso karibu.

Wasiofika: mbwa wote wawili wa Billy. Old Yeller. Sounder.

Kuhusu kulia, sikupi pole. Lia. Nimeazima *Old Yeller* kwa wanaume wazima, mmoja wao dereva wa lori, akakirudisha amekifunga kwenye gazeti akasema tu, "Dada, hiki kitabu." Sikumuuliza zaidi.

Kwa nini basi *Old Yeller* aliuawa? Hakukuwa na njia nyingine?

Hakukuwa. Fred Gipson alikichapisha kitabu hicho mwaka 1956, lakini kisa chenyewe ni cha Texas ya miaka ya 1860. Baba amepeleka ng'ombe kuuza Kansas, na Travis, kijana wa miaka 14, ameachiwa nyumba, mama na mdogo wake. Mbwa mwizi wa nyama, mwenye rangi ya manjano, anajiingiza katika familia ile na kuiokoa zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho anapigana na mbwa mwitu mwenye kichaa. Chanjo ya kwanza kwa binadamu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa ilitolewa na Louis Pasteur mwaka 1885. Travis hana chanjo, hana daktari, ana bunduki tu.

Msomaji wa kwetu anakielewa kitabu hiki kuliko wasomaji wengi wa Ulaya wa leo, kwa sababu kichaa cha mbwa bado tunaishi nacho. Nitoke kwenye fasihi kidogo, naomba mniwie radhi: ukiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, lioshe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na mbwa wako mchanje kila mwaka. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu huanzia kwa mbwa, na mbwa aliyechanjwa ni nyumba nzima iliyokingwa.

Turudi kitabuni. Watu hukumbuka risasi. Mimi naomba wasome kurasa zinazofuata, baba anaporudi na kukaa na mwanawe kuzungumza. Pale ndipo utaona kama riwaya imeandikwa na mtu mzima.

Mimi ni Mwislamu. Nikisoma na kupenda vitabu hivi nafanya kosa?

Mimi pia ni Mwislamu, na swali hili nalichukulia kwa uzito. Sisi wa pwani, wafuasi wa Imamu Shafi, tumekulia kwenye hukumu ya najisi ya mbwa, kuosha mara saba na moja kwa udongo. Hukumu hiyo inahusu mate na usafi. Haijapata kuwa hukumu ya chuki. Kumfuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba kumeruhusiwa katika hadithi sahihi, na mjomba wangu aliishi ndani ya ruhusa hiyo maisha yake yote, na kipini chake kirefu.

Soma tena Suratul Kahf, ambayo wengi wetu tunaisoma kila Ijumaa. Vijana wamelala pangoni, na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Kisha watu wanabishana idadi yao: watatu na wa nne mbwa wao, watano na wa sita mbwa wao, saba na wa nane mbwa wao. Katika kila hesabu mbwa anahesabiwa. Na kuna yule mtu wa kwenye hadithi aliyemkuta mbwa anaramba mchanga kwa kiu. Alishuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakibana kwa meno ili apande, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Fikiria meno yale yameshika kiatu cha ngozi kilichojaa maji, mikono yote miwili ukutani mwa kisima.

Baghdad, mnamo karne ya kumi, msomi Ibn al-Marzuban alikusanya kitabu kizima cha visa na mashairi ya uaminifu wa mbwa, na jina lake ni kwamba mbwa ni bora kuliko wengi wanaovaa nguo. Kwa hiyo rafu yangu ina wazee wake.

Kwa nini wenye mbwa kwenye riwaya hizi karibu wote ni masikini?

Nafurahi mnalitambua hilo. Katika *Lassie Come-Home* ya Eric Knight, iliyotoka mwaka 1940, baba yake Joe ni mchimbaji wa makaa ya mawe kule Yorkshire, mgodi umefungwa, na kitu pekee cha thamani kilichobaki ndani ni mbwa. Anauzwa kwa tajiri, anapelekwa Scotland. Mbwa ambaye kila alasiri alikuwa getini mwa shule kumngoja mtoto, anaanza kurudi kusini kwa miguu. Watu hukumbuka safari. Mimi nakumbuka ukimya wa mezani baada ya kumuuza, baba mkali kwa sababu ana aibu, mama mkali kwa sababu hela imeshaliwa.

Marty wa *Shiloh*, huko West Virginia, anamkomboa mbwa aliyekuwa akiteswa kwa kumfanyia mwenyewe kibarua: saa 20 kwa dola 2 kila saa. Mwenye mbwa anamdhihaki katikati ya kazi, anamwambia mkataba hauna shahidi. Mtoto anaendelea kulima.

Na *Sounder* ya William H. Armstrong, iliyopata nishani ya Newbery ya vitabu vya watoto mwaka 1970, ni familia ya wakulima Weusi wa kusini mwa Marekani wanaolima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno. Baba anaiba nyama kulisha watoto, anakamatwa, na mbwa anapigwa risasi akilikimbilia gari lililombeba bwana wake. Katika kitabu kile hakuna hata mtu mmoja wa familia aliyetajwa kwa jina. Ni baba, mama, mtoto. Mwenye jina ni mbwa peke yake. Nilikisoma mara mbili kabla sijaliona hilo, na nilipoliona nilikifunga nikatoka nje.

Tajiri akimpenda mbwa, mwandishi hana cha kupima. Masikini akimpenda, kila tonge lina hesabu yake.

Riwaya zinazosimuliwa na mbwa mwenyewe si uongo mtupu?

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliwashambulia waandishi wa wanyama, Jack London akiwamo, kwamba wanawadanganya wasomaji kuhusu maumbile. (Ndiye Roosevelt huyohuyo aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda.) London alijibu kwa makala mwaka uliofuata. Alisema alijitahidi, mara kwa mara, hata kwa gharama ya utamu wa hadithi, kumkumbusha msomaji kwamba mbwa hakuwa akifikiri mambo yale, alikuwa akiyatenda tu.

Mimi napima hivi: mbwa msimulizi akinusa kabla hajaona, namwamini. Katika *Flush* ya Virginia Woolf, ya mwaka 1933, kuhusu mbwa wa mshairi Elizabeth Barrett, mji wa Italia unaelezwa kwa harufu mtaa kwa mtaa, na msomaji anatembea pua chini. Enzo, mbwa anayesimulia *The Art of Racing in the Rain* ya Garth Stein, mwaka 2008, anafikiri sana kama mtu, anaangalia televisheni, ana falsafa yake. Wengi wanampenda. Mimi nilimpenda zaidi pale anapotaka kusema na ulimi haumruhusu.

Aliye mbele ya wote kwangu ni *Kashtanka* wa Chekhov, wa mwaka 1887, ingawa ni hadithi fupi. Mbwa anapotea mjini, anaokotwa na mchekeshaji wa sarakasi anayemlisha vizuri na kumfundisha kwa upole. Nyumbani kwake kwa zamani alikuwa akipigwa kelele na seremala mlevi, na mtoto wa seremala alimtesa kwa kumfungia kipande cha nyama kwenye uzi, akimeza anakivuta. Usiku wa kwanza wa maonyesho anasikia sauti zao juu kwenye viti. Anakimbilia kwao. Chekhov haelezi kwa nini, na barazani kwangu tumebishania hilo hadi chai ikapoa.

Visa vya kweli, kama vya Bobby na Hachiko, si vinatosha bila riwaya?

Hachiko alikwenda stesheni ya Shibuya, Tokyo, kumngoja profesa wake aliyefariki Mei 1925, hadi naye alipokufa Machi 1935. Bobby wa Edinburgh alikaa makaburini baada ya bwana wake, John Gray, kuzikwa mwaka 1858, mpaka mwaka 1872. Visa hivi vinatosha kukuliza, lakini utabaki umesimama nje unamtazama mbwa. Eleanor Atkinson alipoandika riwaya ya Bobby mwaka 1912, yule Gray, aliyekuwa mlinzi wa usiku wa polisi, akamfanya mchungaji mzee wa kondoo. Kwa historia ni kosa. Kwa riwaya, alitaka mtu ambaye amekula na kulala na mbwa malishoni, ili msomaji aelewe kinachongojewa.

Zipo kwa Kiswahili? Na nitazipata wapi?

Nyingi utazisoma kwa Kiingereza. Za zamani, kama *The Call of the Wild* ya 1903, *White Fang* ya 1906 na ile ya Bobby, haki zake zimekwisha muda, unazipakua bure na kwa halali kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na simu ya kawaida inatosha. Zilizobaki, tafuta kwa wauza vitabu vya mitumba. Jalada likiwa na picha ya mbwa bei huwa ya kuelewana.

Natamani sana zitafsiriwe, tena kwa sababu moja ya kisarufi. Kwa Kiingereza mwandishi ana uhuru wa kumwita mbwa kitu (*it*) au kumwita kiumbe (*he* au *she*), na wasimulizi wakatili hutumia uhuru huo. Kiswahili hakina mlango huo. Mbwa amekuja, mtu amekuja: ngeli ni moja. Tofauti inajitokeza kwenye umiliki, ambapo twasema mbwa *wangu* lakini rafiki *yangu*, ndugu *yangu*. Mtafsiri mzuri angelichezea hilo. Hebu fikiria Billy anaanza kitabu akisema mbwa wangu, na karibu na mwisho, ulimi unamteleza.

Mtego mmoja wa tafsiri: neno letu mbwa mwitu linabeba wanyama wawili. Yule wa Serengeti, mwenye madoa na masikio ya duara, si yule wa theluji anayemwita Buck porini.

Zinafaa watoto?

Nyingi ziliandikwa kwa ajili yao. Soma kwanza wewe. Katika *The Call of the Wild* kuna mtu anamvunja Buck kwa rungu, na Wahindi Wekundu wanachorwa kama washenzi. *Jock of the Bushveld*, ya Percy FitzPatrick, ya mwaka 1907, ina mbwa wa kupendeza sana na lugha ya dharau kwa Waafrika. Mtoto simpi bila mtu mzima pembeni.

Mbwa wangu amekufa na nyumbani wananicheka. Nisome nini?

Pole sana. *The Friend* ya Sigrid Nunez, iliyopata tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani mwaka 2018. Mwanamke amefiwa na rafiki yake aliyejiua, anaachiwa mbwa wake mkubwa kama ndama, naye anaishi kwenye fleti ndogo New York ambamo mbwa hawaruhusiwi. Mbwa anaomboleza, mwanamke anaomboleza, hawana lugha moja. Anamsomea kwa sauti. Kisome usiku, kurasa chache chache. Wanaokucheka waache, hawajawahi kufika kwenye ngazi na kifuu mkononi.

Wewe unafuga mbwa?

Ninaye, anaitwa Shwari. Analinda kuku na analala kizingitini. Anakula kwenye bakuli la bati, na jirani anayemlisha nikisafiri hunipigia simu kuniambia kama amemaliza. Amechanjwa. Kadi yake ya chanjo naiweka ndani ya *Old Yeller*, kwenye ukurasa ule, kwa hiyo ukiazima kitabu hicho naomba usiitoe.